Mamba Aliyeogopa Maji

"Vuta upande wako, Mama Valary. Bado limelegea katikati."

Loise akavuta. Shuka lilikuwa lake, jeupe, pana, lile alilotandikiwa siku ya arusi yake na Danson. Harith alikuwa amezunguka Garsen nzima asipate jingine lisilo na maua. Sasa alikuwa amesimama juu ya benchi, misumari mdomoni, akilipigilia kwenye mbao za kibanda chake cha video, na jasho linamtiririka hadi kwenye kikoi.

"Hapo hapo. Limekaza kama ngoma," akasema. "Leo mtamwona Mzee Magamba mkubwa kuliko mlango wa kanisa lenu."

"Asije akatuogopa tu, akituona wengi hivi."

Harith akacheka, msumari ukamponyoka.

Mzee Magamba alikuwa mamba wa katuni. Katuni yenyewe ilitoka nchi za mbali, na lugha yake hakuna aliyeijua, hata Harith. Lakini Harith ni mtu wa Kipini, na mtu wa Kipini hakosi neno. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akamsemea kila aliyetokea: kasuku, mbuzi, Mama Dobi anayefua mtoni, na mamba. Sauti ya mamba aliiazima kwa wazee wa Ndera, wale wanaolalamika tangu wakiamka. Na mamba huyu alikuwa na jambo moja: aliogopa maji. Alitembea na mwavuli mweusi jua likiwaka. Kila mara alifika ukingoni, akachovya kidole kimoja cha mguu, akakirudisha mbio, akasema, "Leo mto una baridi. Nitavuka kesho." Kibanda kizima kiliyasema maneno hayo pamoja naye, Wapokomo na Waorma, wenye mashamba na wenye ng'ombe, waliokuwa wamegombania majani ya ukingoni asubuhi ile ile.

Loise aliingia kibandani mara ya kwanza kwa kukimbia jua. Hakuwa ametafuta kicheko. Danson alikuwa ameshuka kunawa miguu baada ya kupanda mpunga, na walichokikuta ni jembe limesimamishwa topeni na ndara zake mbili, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia nyumbani. Tangu siku hiyo Loise hakushuka mtoni. Maji alichota bombani. Shamba, lililo ng'ambo, alimwachia shemeji yake Ishmael. Alifika hadi pale njia inapoanza kuteremka, miguu ikagoma, akarudi.

Sasa mtu kama huyo amkute mamba kwenye televisheni! Alitaka kutoka. Lakini mamba alikuwa amesimama ukingoni, mwavuli begani, magoti yakigongana, na jicho lake, duara tu na nukta ndani, likayatazama maji vile vile Loise alivyoyatazama. "Leo mto una baridi," akalalamika mzee wa Ndera kinywani mwa Harith. Loise akacheka mpaka leso ikamwanguka kichwani. Mwanamke aliyekaa naye akamshika mkono, maana kicheko hicho hakikukoma, kiligeuka kikawa kitu kingine.

Akawa anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Na ajabu ni hii: kila alipomwona mamba yule anashindwa kuvuka, yeye mwenyewe alisogea hatua chache zaidi kuteremka ile njia. Alifika kwenye migomba. Halafu kwenye mchanga. Wiki iliyopita alisimama mahali unapoisikia harufu ya maji, akasema kwa sauti, "Nitavuka kesho," akarudi juu akitabasamu peke yake.

Mafuriko yalikuwa yamepungua, yameacha tope jeusi, laini, la kupandia. Ishmael alikuja mlangoni kwake jana.

"Shemeji, tope halitungoji. Nimekulimia kiasi nimeweza. Ukoo unauliza. Kesho kutwa, Jumatatu, ninavuka asubuhi. Nikivuka bila wewe, kile kipande cha marehemu watapewa wengine, na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

"Nitavuka na wewe."

"Kweli?"

"Kesho kuna muvi ya Mzee Magamba. Mpya. Nikishaiona hiyo, nitavuka."

Ishmael alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya, lakini hakubisha.

Basi kibanda kikajaa. Harith alikuwa ametangaza wiki nzima: si katuni tena, watu halisi, mto halisi, na mamba aliyetengenezwa na wataalamu mpaka unahesabu magamba. Ameazima projekta. Mbele kabisa alikaa Kuno, mchungaji wa Kiorma, fimbo yake kati ya magoti, kama kawaida yake. Loise alikaa nyuma yake, mwavuli wake wa kuendea kanisani mapajani.

Gunia la mlangoni likashushwa. Nje jenereta ikakohoa, ikashika. Shuka likawaka.

Ulikuwa mto. Si mto wa rangi ya samawati kama ule wa katuni. Maji ya kahawia, mazito, yenye povu na gogo linaloelea, na juu yake mwanga wa asubuhi ukitetemeka punje punje. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. "Subhanallah," akasema mzee mmoja. Loise naye moyo ukampanda. Ungeweza kuuona upepo ukipita juu ya maji. Binadamu wameweza hivi?

Akatokea Mama Dobi. Kwenye katuni alikuwa mviringo kama mtungi, mikono kama mchi. Huyu alikuwa mwembamba, mzuri, kucha zimepakwa rangi.

"Huyo hajafua hata leso!" akapiga kelele mwanamke mmoja, na kibanda kikacheka.

"Msubirini," akasema Harith kwenye kipaza sauti. "Haya, huyo aja. Mzee mwenyewe huyo."

Maji yakatulia. Yakatokea macho mawili, yamekaa juu ya maji kama vifuu viwili. Kisha pua. Kisha mgongo, polepole, na tope likiteremka kwenye kila gamba, na kila gamba na kivuli chake. Akapanda ukingoni. Akageuka. Alijaza shuka lote. Hakuwa na mwavuli.

"Jamani," akaanza mzee wa Ndera, "leo mto una..."

Sauti ya Harith ikafia hapo. Haikumkaa mnyama yule. Ilikuwa kama kumvisha ng'ombe miwani. Jicho la yule mamba lilikuwa la njano, limepasuliwa katikati, na halikuogopa kitu. Likakitazama kibanda. Kisha mamba akateleza, akaingia majini bila mlio, na mto ukabaki mtupu.

Hakuna aliyecheka. Loise alisikia mtikisiko wa mabenchi, akaona watu wote, wazee kwa watoto, wamepandisha miguu juu. Sakafu ilikuwa ya udongo mkavu, haina hata tone, lakini hakuna aliyeacha mguu chini. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yamemfika kidevuni. Mbele yake, juu ya shuka alilolalia na Danson, maji yalianza kuvimba.

Kuno akaruka.

"Hoi! Hoi! Hoi!"

Akapiga chini kwa fimbo, akapiga benchi, akapiga mabati, vile wachungaji wanavyopiga maji kufukuza mamba kabla ya kuwaachia ng'ombe wanywe. Kinywa kikafunguka shukani, na Kuno akakipiga. Shuka likatikisika, na mamba mzima akakunjamana. Wengine wakasimama naye, wakapiga makofi, wakapiga ndoo, "Hoi! Hoi!" mpaka kuku wa jirani wakatawanyika na Harith akachomoa waya.

Mtu akafunua gunia, jua likaingia. Watu wakatazamana, miguu bado iko juu. Ndipo aibu ikaja, na kicheko nyuma yake.

"Kuno! Umemuua?"

"Wacha mimi," akasema Kuno akihema. "Hii mimi najua. Hii ndiyo imekula ndama yangu."

"Imetoka kwa kompyuta, wewe!"

"Basi kompyuta imeiona wapi?" Akamgeukia Loise, akaona mahali shuka lilipochanika, padogo, kama ukucha. Sauti ikashuka. "Mama Valary, pole. Fimbo imeenda yenyewe."

Loise alijaribu kusimama. Miguu ikagoma, ile ile ya zamani, kama hajawahi kufika kwenye migomba wala kwenye mchanga. Na kesho alikuwa ameshamwahidi Ishmael.

"Hawa wasee wa muvi wamechoma," akasema kijana mmoja karibu na mlango. "Wamemtoa hadi mwavuli. Sasa Magamba bila mwavuli ni nani?"

"Lakini mmeiona kazi?" Harith alikuwa kama mtu aliyeshtakiwa, na kosa si lake. "Kila gamba mahali pake! Wamekaa miaka kuifanya. Mwataka nini zaidi?"

"Wamejaza kila mahali, Harith," akasema Loise. Watu wakamgeukia, maana walimjua na walijua habari ya Danson. "Yule wetu, hawakumchora sana. Kulibaki nafasi. Mtu anaingia, anakaa na yeye. Huyu amejaa. Huyu ni mamba tu, na mamba mimi ninaye, yuko hapo chini."

Harith akaitazama projekta. Akamtazama Loise. Kisha akainama, akatafuta kwenye kompyuta yake, akairudisha ile katuni ya zamani.

Hawakuwahi kuiona kubwa hivyo. Juu ya shuka mstari mmoja ulikuwa mnene kama mkono wa mtu, na ungeweza kuona mahali mchoraji alipouanzia na mahali alipochoka. Rangi ya kijani ilikuwa imevuka mstari kidogo pale mkiani. Meno mawili tu. Jicho duara na nukta. Loise aliitazama nukta ile. Mtu fulani, nchi fulani, ambaye hajui kama kuna Garsen duniani, aliweka kalamu pale mara moja, akaiinua. Na hofu yote ilikuwa mle ndani. Yake, na ya Kuno, labda hata ya Danson katika ile dakika. Ilienea yote kwenye nukta.

Tundu la fimbo lilikuwa limeangukia pembeni mwa mwavuli, na mwanga ulipenya hapo.

"Leo mto una baridi," akasema mzee wa Ndera, taratibu. Kibanda kizima kikaitikia, na miguu ikateremka mmoja mmoja.

Walipokwisha, Loise alilishusha shuka mwenyewe. Aliligeuza mbele na nyuma, akalipapasa kwa viganja. Hakuna tope. Hakuna unyevu. Mito miwili imepita hapo, na kitambaa kikavu kama kilivyotoka sandukuni.

Asubuhi Ishmael alikuwa ameshautoa mtumbwi majanini. Alimwona shemeji yake akiteremka njia, mbegu za mpunga amezifunga ndani ya shuka jeupe, mgongoni, na mwavuli mkononi. Akapita migomba. Akapita mchanga mkavu. Kwenye mchanga mbichi akasimama.

Upande wa pili, chini kidogo ya shamba, mamba alikuwa amelala juani. Hakufanana na yule wa muvi wala na yule wa mwavuli. Alikuwa mdogo kuliko wa kwanza, mzee, rangi ya gogo, na ndege mweupe anatembea karibu na mkia wake bila haraka.

Loise alitia mguu mmoja mtumbwini. Akautoa.

"Leo mto una baridi," akasema.

Ishmael aliyajua maneno hayo. Garsen ni nani asiyeyajua? Hakucheka. "Nitavuka kesho?" akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anayemkumbusha mtu mstari unaofuata.

Mahali fulani juu, nyuma ya kona ya mto, ikaanza sauti ya Kuno na wenzake wakipiga maji. Hoi. Hoi. Ng'ombe wakajibu. Ndege mweupe akaruka. Yule mamba akainuka kwa miguu mifupi, akauburuta mkia, akaingia majini, na mto ukajifunga juu yake.

Loise akapanda. Akakaa katikati, mbegu mapajani, akafungua mwavuli. Ulifunguka kwa kishindo, ubavu wake mmoja umevunjika, mweusi kabisa kwenye mbingu isiyo na wingu.

"Shemeji. Mvua iko wapi?"

"Piga kasia, Ishmael."

Akapiga. Mtumbwi ukaachana na mchanga. Loise hakuyatazama maji. Alitazama ng'ambo, pale mamba alipokuwa amelala. Kwenye tope laini kulikuwa na mstari mmoja, mrefu, umepinda mara moja, kama mtu ameweka kalamu na kuiinua. Ulitoka juani ukashuka hadi ukingoni, na maji yalikuwa yanaanza kuujaza, polepole, kutoka chini.