Kadi Kutoka Salamabila

Mashine ya kutoboa nukta za wasioona ilikaa kimya, na mimi nikaanza kutukana. Kesho inspekta wa shule anakuja kumsikiliza Odile akifundisha. Odile haoni; asipokuwa na masomo yake kwenye karatasi za nukta anazozisoma kwa vidole, kazi ya ualimu inakwenda kwa mwingine. Masomo yote yamo ndani ya kompyuta yangu kuukuu ya mezani, na tundu lake la printa liliunguzwa na radi.

Ndiyo maana nilimwomba fundi Gédéon, kule Salamabila, anitafutie kadi ya kuongeza tundu. Alinipigia simu: kadi ameipata, na vikofia vyake vya plastiki ameshavipanga kufuatana na kompyuta yangu. Vikofia hivyo, vinavyovikwa kwenye pini, ndivyo vinavyoiambia kompyuta pa kuitafuta kadi. Kimoja kikihama, haioni kitu. Aliyeileta hapa Kasongo kwa pikipiki ni Amuri, baba yake Odile, mnunuzi wa dhahabu, akiwa ameifunga ndani ya koti lake.

Nilikuwa nimeichomeka na mashine haikutoboa kitu; nikaichomoa, nikaisogeza dirishani. Vikofia vilikuwa vimesimama mstari mmoja kama watoto wa shule. Pini mbili, zilizopaswa kuwa za njano kwa dhahabu iliyopakwa, zilikuwa nyeupe. Huku kwetu hakuna asiyejua kinachogeuza njano hiyo kuwa nyeupe: zebaki, mercure ya wachimbaji inayonasa dhahabu.

"Papa Amuri, ulifanya nini na hii kadi?"

"Mimi? Sikuigusa. Ile njia iko mashimo tupu."

"Njia inatembeaka na mercure?"

Nikampigia Gédéon; hapatikani. Na kujaribu mipango yote ya vikofia, kuzima na kuwasha kila mara, petroli ya jenereta isingetosha.

Odile akanyoosha mkono. "Unipe, Mama Estelle." Vidole vyake vikapita juu ya vikofia, vikarudi. "Asubuhi wakati papa alifika, alinipa nishike. Hapa vikofia vilikaa kama nukta za r, na hapa za l. Nilicheka, nikasema hii kadi inaandika. Sasa haiandike kitu."

Asubuhi. Kumbe si njiani, wala si Salamabila. Mzee alimpa mwanawe kadi aishike, kisha akaenda nayo nyuma ya nyumba ya huyo huyo mwanawe, chupa ya zebaki mfukoni. Nilimtazama mtu ninayekula naye sahani moja.

"Ilikuwa inangaa," Amuri akasema polepole. "Kitu kikingaa, mukono wangu unaendaka wenyewe kupima kama ni zahabu. Kisha nikarudisha vile vikofia vyote, muzuri, ku mustari."

"Na kama kungekuwa zahabu mingi, papa?" Odile akauliza. "Ungeuza?"

Nje jenereta ilikuwa inakohoa. Nilimwomba Mungu mzee adanganye.

"Ningeuza."

Odile akanionyesha kwa kidole mahali pa kila kikofia. Nikavivika, nikairudisha kadi, nikawasha. Mashine ikatikisika, ikaanza kutoboa. Karatasi ya kwanza aliisoma mpaka chini, uso haubadiliki. "Iko sawa. Endelea."

Kisha akamgeukia baba yake, ambaye tangu utotoni ndiye anayemshika mkono barabarani. Ningekuwa mimi, ningesema kesho nipelekwe na Mama Estelle, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kuitika.

"Papa, nawa mikono na sabuni, muzuri," akasema. "Kesho tunatoka mapema."