Bidon ya Kila Mutoto

Hesabu ya kilima yetu, hapa juu ya Nyabiondo, ilitoka hivi: bakubwa mia mbili na kitu, nyumba za mabati kidogo, za majani mingi, batoto sufuri.

Papa Nestor wa proje ya maji akaangalia telefone, kiisha akaniangalia miye.

– Shema, kilima muzima haina mutoto hata moja? Na hawa?

Nyuma yake batoto balikuwa banagombania kupanda pikipiki yake.

– Biko, Papa. Bamama njo banakatala tubahesabu.

Ile kazi ilikuwa ya kwanza kwangu tangu nimalize sekondere: kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza muko bangapi, munapata nini kwa mwezi, munalala mu nyumba gani, na kuandika yote mu telefone. Kwa mapato bantu balicheka: "Mwezi gani, mutoto? Ule wa kuvuna maharagi ao ule wa njaa?" Kwa nyumba balinionyesha paa na kidole: jiangalie. Lakini uliza batoto! Hata mama yangu mwenyewe, Mama Drocella, alinifunga mudomo:

– Ukihesabu batoto, kifo nayo inasikia. Andika ni batoto ba Mungu.

Telefone haina nafasi ya ba Mungu. Nikaweka sufuri.

Sasa robinet, bomba ya maji, inapewa tu kilima yenye kufikisha bantu mia ine, na Papa Nestor anarudi Masisi leo muchana! Claudette, mudogo yangu, kila asubui anashuka mutoni kuchota maji. Akifika ku masomo kengele ilishalia, mwalimu anamurudisha. Ile robinet mi nilishaiona kabisa mu mawazo, pale karibu na kanisa!

Mara Claudette huyu anaelekea mutoni, bidon ku kichwa, dumu yake ya manjano. Nyuma yake batoto ingine, kila moja na yake, kubwa, kadogo. Kichwa yangu ikawaka!

– Mama! Kuhesabu bidon, nayo ni mwiko?

Akaweka mukono mu kiuno.

– Bidon? Bidon haina roho, haikufaka.

– Basi bidon ya kila mutoto ifike ku kiwanja! Ule wa kubebwa mugongo, mama yake amuletee!

– Weye na akili yako ya masomo!

Lakini alishaanza kupiga makelele: "Mama Bibiche! Mama Victorine! Leteni bidon!"

Bantu mbio! Kiwanja ya mupira ikageuka manjano tupu. Batoto wa mugongo baliwekewa chupa ya mafuta. Papa Nestor akapita polepole, akasimama mbele ya bidon moja kubwa sana.

– Hii ya mutoto gani?

– Ya Nzabandora, Mama akasema.

Nzabandora ni kaka yangu mukubwa, iko na ndevu.

– Iko wapi?

– Ku mugodi ya Omate, anachimba zahabu.

– Mama, ule anakunywa maji ya Omate.

Bantu bakacheka. Mama akaitoa mu mustari.

– Akirudi atakuwa na kiu, akasema chini chini.

Papa Nestor akaendelea, kidole hewani. Miye kusimama ilinishinda, nikazunguka kiwanja kama mbuzi imekata kamba. Kiisha akapiga makofi:

– Na bakubwa, mumepita mia ine! Mumepita mbali!

Yeee! Vigelegele, bidon zikapigwa ngoma, Mama akanibeba karibu anivunje mbavu.

Halafu Mama Victorine akashituka:

– Jamani! Maharagi yangu iko ku moto, na bidon zote biko bure, hata tone ya maji!

Kilima muzima ikashuka mutoni, tunaimba. Claudette akajiweka yake ku kichwa, akanisukumia ile kubwa.

– Kaka, robinet haiyafika bado. Ya Nzabandora beba weye.

Nikabeba. Tena mbio!