Gusa Kila Kioo kwa Bahati

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe tisa, mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu binti yangu alikuwa ametoka tu kutazama saa na kuniambia, "Baba, kaza mwendo, tukichelewa tunapoteza alama." Alama! Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mkunga, amezalisha watoto mpaka hesabu imempotea, anaogopa kupoteza alama za kwenye simu.

Simlaumu. Mchezo ule hakuutunga yeye, na alinitoa nyumbani kwa huruma. Tangu mama yake afariki, huu mwaka wa pili, nilikuwa mtu wa kitanda na dirisha. Mama yake alikata pumzi katika wodi yenye mashine mpya ya kupumulia. Mashine ilizinduliwa kwa utepe na makofi, ila hakuna mkubwa aliyekumbuka kuwa wodi ile haina soketi. Nikilisema hili watu huniambia, "Mzee una kinyongo." Ninacho, tena nimekipata kihalali.

Basi asubuhi ile binti alikuja na viatu vyangu mkononi.

"Vaa, twende tukacheze."

"Nikacheze nini na magoti haya? Rede?"

"Unatembea tu, baba. Mji wa kale. Wewe si unajisifu kuwa unaujua jiwe kwa jiwe? Leo tuone."

Mchezo wenyewe ni hivi. Ofisi ya mji wa kale imetia kwenye simu ramani na mafumbo kumi. Hakuna mtembezaji, hakuna tiketi, hakuna mlinzi. Unaanza saa unayotaka, simu inakwambia nenda pale, tazama kile, jibu hiki. Ukipatia inalia kama kengele ya baiskeli. Ukikosea inaandika, "Jaribu tena, mpelelezi!" Mimi na miaka yangu sitini na sita naitwa mpelelezi.

Fumbo la kwanza lilikuwa kwenye lango kubwa. Simu ikasema mlango ule ulichongwa miaka mia mbili iliyopita, tuhesabu misumari yake ya shaba. Nikacheka mpaka nikakohoa. Mlango ule aliuchonga rafiki yangu seremala juzi juzi tu, miaka sita haijapita, baada ya mchwa kumaliza ule wa zamani. Misumari nilimshikia mimi.

"Baba, usiharibu," binti akasema. "Simu inataka idadi ya misumari, haitaki ukweli."

"Kama ofisi yenyewe."

Akacheka na yeye. Tukaenda hivyo, kituo cha pili, cha tatu, yeye anasoma, mimi nabisha. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilikuwa nimesahau kwamba uso wangu unaweza kufanya hivyo.

Mimi kazi yangu ni fundi wa kuta za chokaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini ukuta naweza kuusoma. Kuta za zamani za mawe na chokaa hazianguki kwa ghafla kama watu wanavyodhani. Huanza kutembea, polepole kuliko kobe, mwaka mzima unene wa ukucha. Jicho halioni. Kwa hiyo ukuta ukipata ufa, fundi huchukua kipande cha kioo, chembamba, urefu wa kidole, akakilaza juu ya ufa na kukibandika kwa chokaa huku na huku. Pembeni huandika tarehe kwa msumari. Kioo hakipindiki wala hakivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka, nawe unajua. Kikiwa kizima, unalala usingizi. Hatukigusi, hatukifuti hata vumbi.

Kituo cha sita kilitupeleka mwisho wa uchochoro wa washona viatu, na pale miguu yangu ikakataa. Nyumba ya ghorofa mbili niliijua. Miaka mitatu nyuma ofisi ilinituma niweke vioo saba kwenye ukuta wa ngazi, na mlango ukafungwa kwa mnyororo. Nilitakiwa nirudi kila mwezi kuvitazama. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nikaambiwa mkubwa amehamishwa, mkubwa mpya ana mipango yake, nisubiri simu. Nikasubiri. Waliotutangulia walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wetu waliongeza njia ya tatu, wakapaka rangi.

Maana nyumba sasa ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa, nzuri, inang'aa. Mnyororo hakuna. Mlangoni kibao: KARIBU, KITUO CHA SITA.

"Hii ilikuwa imefungwa," nikasema.

"Imefunguliwa, baba. Huoni? Watakuwa wameitengeneza."

Nikataka kuamini. Hilo ndilo linaloniuma. Nikajiambia, watu wa ofisi hawawezi kuwa wajinga kiasi hicho, bila shaka wameleta fundi mwingine. Goti lilikuwa linanisumbua, nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mkabala. "Tangulia," nikamwambia, "nakufuata."

Akaingia. Nikabaki natazama ukuta wa nje. Rangi huficha uchafu, ufa haufichiki. Ufa ulikuwa unapanda chini ya ile rangi kama mshipa chini ya ngozi, kutoka kwenye msingi hadi dirisha la juu, na pale juu rangi yenyewe ilikuwa imeanza kuchanika. Rangi ya mwezi mmoja au miwili, imechanika.

Binti akaanza kunisomea kwa sauti kutoka ndani, ili tusipoteze alama.

"Baba, sikiliza! 'Panda ngazi. Ukutani, mafundi wa kale wamepamba kwa vioo vidogo. Hesabu ni vingapi, na gusa kila kimoja kwa bahati njema!'"

Mafundi wa kale. Mimi huyu.

Sikumbuki nilivyosimama. Nilipoingia, macho yalichelewa kuzoea kiza cha ngazi, nikapapasa, kidole kikaingia ndani ya ufa. Kidole kizima, mpaka kifundo cha kwanza. Nilipouacha ufa ule, ulikuwa haupitishi hata karatasi. Kioo cha kwanza kilikuwa vipande viwili, na katikati yake nafasi. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kimeanguka, imebaki chokaa na tarehe yangu niliyoikwaruza kwa msumari, na chokaa imekuwa nyeusi kwa vidole vya watu. Mamia ya watu walikuwa wamepita pale wakisukuma ukuta ule mmoja mmoja, kwa bahati njema.

Binti alikuwa juu, kwenye kona ya ngazi, hatua kama kumi na nne kutoka nilipo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kuelekea kioo cha tano.

"Usiguse," nikasema. Sikupaza sauti.

"Baba, viko vingapi? Mimi naona vinne na vipande vipande, nikiandika vinne inakataa."

Hapo nikasikia kitu juu yetu. Ghorofani kulikuwa na watu. Walikuwa wanacheka, kicheko cha watu wenye siku nzuri, halafu ikaja: du, du, du. Miguu inapiga sakafu. Vumbi jembamba likashuka kutoka kwenye boriti, likatua kwenye mkono wa shati langu.

"Wanafanya nini hao?"

"Ni fumbo la saba," binti akasema. "Unapiga mguu mara tatu kusikia mwangwi. Simu inasikiliza, ikisikia inafungua ukurasa."

Sauti ya mwanamke ikaja kutoka juu, imejaa kicheko: "Haijasikia! Tena, wote pamoja, kwa nguvu!"

Du. Du. Du.

Ukuta ukakoroma. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo haisahau. Haitoki kwenye jiwe la juu wala la chini. Inatoka katikati, kama mzee anayegeuka usingizini.

"Mama," nikamwita binti yangu. Tangu mdogo humwita hivyo jambo likiwa zito, naye anajua. "Shuka. Usikimbie. Egemea kulia, kwenye nguzo. Huu wa kushoto usiuguse hata kwa nguo."

"Kuna nini?"

"Weka simu mfukoni."

"Baba, unanitisha."

"Tishika, lakini shuka."

Akaniangalia. Kazi yake imemfundisha kusoma uso wa mtu aliyeficha habari mbaya. Akatia simu mfukoni, akaanza kushuka, hatua moja, nyingine. Ngazi ya nane kutoka chini ilikuwa imelegea, nikamwonyesha kwa kidole airuke. Kila alipoweka mguu nilihisi mguu ule uko kifuani mwangu. Kioo cha sita, kilichokuwa bado kizima, kililia ti, sauti ndogo kama ukucha ukikatika, na nikakiona kikigawanyika mbele ya macho yangu.

Akafika katikati, akasimama.

"Na wale?" akanong'ona, akielekeza kidevu juu.

"Nitawaita tukiwa nje."

"Waite sasa, baba."

"Nikipiga kelele watashuka mbio, wote kwa pamoja. Ngazi hii haibebi mbio. Itakuangukia wewe kwanza."

Hiyo ilikuwa kweli ya kifundi na fundi yeyote atanisimamia. Kweli ya pili ni kwamba nilikuwa na binti mmoja tu duniani, na alikuwa bado ana hatua saba.

"Baba…"

"Shuka!"

Akashuka. Nikamshika kiwiko, nikamtoa, nikamsukuma hadi ng'ambo ya uchochoro, mgongo wake ukagonga mlango wa mshona viatu. Ndipo nikarudi mlangoni na kupaza sauti yote niliyobakiwa nayo.

"Nyie wa juu! Shukeni polepole! Msipige miguu! Egemeeni kulia!"

Kicheko kikakatika. Halafu sauti ya mwanamume ikauliza, bila hofu yoyote, kama mtu anayeuliza bei:

"Hii nayo ni sehemu ya mchezo?"

Nikafungua kinywa nimjibu. Ukuta ukaniwahi.

Haukuanguka kwa kishindo, si mwanzoni. Kwanza ulivuta hewa. Mlango ulininyonya kuelekea ndani kama mtu anayenishika kola, binti akanivuta kwa mkanda, tukaanguka chini wote wawili, na uchochoro ukawa mweupe. Nilidhani nimepofuka. Nikapapasa mpaka nikapata mkono wake, nikaukamata, nikamwuliza uko mzima, akaniambia niko mzima, nikamwuliza tena. Vumbi lilipotulia, palipokuwa na ngazi palikuwa na anga.

Tuliita. Mshona viatu aliita. Tulitulia tusikilize, tukaita tena. Hakuna aliyejibu.

Ofisi ilifika baada ya saa moja na nusu, ikiongozwa na yule tunayemwita Bwana Tai, kwa sababu hata kwenye kifusi alikuja na tai shingoni. Nikamwambia kuna watu chini ya mawe. Akatazama kompyuta yake ya mkononi.

"Mzee, mfumo unaonyesha hakuna mtu kituo cha saba."

"Nimewasikia."

"Mfumo unarekodi kila kundi linapofungua ukurasa."

"Huo ukurasa ndio walikuwa wanaupigia miguu ufunguke! Haukufunguka!"

"Punguza hasira, mzee wangu. Ulikuwa kwenye mshtuko."

Binti yangu, ambaye sijamsikia akimtukana mtu tangu azaliwe, alimwambia neno ambalo sitaliandika.

Walichimba siku mbili. Siku ya tatu wakasema ukuta wa jirani umeanza kuinama, ni hatari kwa wachimbaji, wakaweka uzio wa mabati. Hapo ndipo walipojifunza kuogopa ukuta. Hakuna aliyeripoti kupotelewa na ndugu, wakasema. Lakini mchezo ule huchezwa na wapita njia, watu wa safari, mtu anaamka hotelini, anacheza, anaondoka, kwao wanajua yuko njiani. Nani aripoti, na lini? Jina halitakiwi. Mlinzi hakuna wa kuwahesabu wakiingia na wakitoka. Mchezo wenyewe umerudi kwenye simu, una mafumbo manane.

Binti hupita kwangu kila akitoka zamu. Hanilaumu kwa maneno. Ananiuliza tu, "Wamekujibu?" nami nasema bado, anavua viatu, anakaa. Usiku mmoja wodini, ameniambia, mama mmoja alicheka baada ya kujifungua, kicheko cha furaha, na yeye akajikuta ametoka nje.

Anachouliza ni jibu la barua yetu. Aliiandika yeye, mimi nikatia sahihi, nakala tatu, na Bwana Tai alizipokea mwenyewe. Haina lawama, aliniamuru nisiweke lawama. Ina jambo moja. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa pili, ghorofani, unaotokea kwenye paa la jirani. Mwaka ule wa vioo ofisi iliniamuru niuzibe, nikauziba kwa mawe na chokaa, kazi ya siku nne, na niliifanya vizuri, Mungu anisamehe. Ukuta ulipoanguka ulikwenda nao, hakuna wa kuukagua. Lakini waliopaka rangi, wakati wanaitengeneza nyumba kwa ajili ya mchezo, pengine waliuzibua wageni wapate kuona mji kutoka juu. Kama waliuzibua, wale watu waliponisikia walikuwa na pa kutokea, na leo wako kwao wanasimulia. Kama hawakuuzibua, mlango uliobaki ni mmoja, na mbele yake nilisimama mimi.

Ni miezi minne sasa tunauliza hilo hilo, kwa barua, kwa simu, kwa miguu yangu hii mpaka kwenye benchi la ofisi yao. Ule mlango wa juu nilioziba kwa mikono yangu, kuna mtu aliyeufungua?