Mama Yetu Malkia

Nimelala kwenye miji mingi, mingine hata jina sikuliuliza, lakini sijaona kwingine watu wakilipa kutazama kuta zilizoanguka kama kule nilikozaliwa. Wageni hushuka kwenye mabasi, wakapiga picha ngome, wakapiga picha bahari, wakapiga picha mbuzi wa watu, kisha wakauliza choo kiko wapi. Kwenye magofu hayo kaka yangu alikuwa mwongoza watalii, na huko ndiko nilikoitwa nirudi, maana figo zake zilikuwa zimechoka.

"Njoo umkute angali anaongea," shemeji aliniambia kwenye simu.

Nilimkuta kitandani, miguu imevimba, ila mdomo mzima.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Wewe je? Umebaki masikio."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza alichoniitia. Alitaka azikwe ubavuni mwa mama.

Hapo ndipo penye shida. Mama yetu, mtu wa kufua nguo za watu na kugombana na kila jirani, alilala ndani ya uzio wa magofu, na kibao cha shaba kilisema yeye ni malkia.

Hiyo ilikuwa kazi ya kaka. Uzio ulipokuja, makaburi yote ya kijiji yalihamishiwa mlimani. La mama tulikuwa tumelijenga kwa mawe tuliyookota kwenye magofu yenyewe, kwa kuwa saruji hatukuwa nayo. Jiwe moja lilikuwa na maua ya kuchongwa. Wachimbaji walipofika na sururu zao, kaka, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, akawasimamisha. "Hili msiguse. Huyu ni malkia." Wataalamu wakaja, wakayapapasa mawe, wakaamini. Mawe yalikuwa ya kale kweli. Wanakijiji waliojua wakanyamaza, wakidhani ataokoa na ya kwao. Hakuokoa. Malkia mmoja watu wanakubali. Wakiwa ishirini wataanza kuuliza.

Toka hapo akawasimulia wageni habari za malkia huyo kwa heshima zote, hadi wenzake wakambandika jina la Waziri.

Nikaenda kwa mhifadhi, mama mmoja mpole ambaye ofisi yake imejaa vigae vya vyungu kwenye masinia. Nikamwombea kaka nafasi pale kaburini. Kwamba ni mama yake, sikusema.

"Mzee wangu, Waziri ni kama mzazi kwangu," akasema. "Lakini ndani ya uzio jembe haligusi ardhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Na kama pasingekuwa na malkia?"

"Pangekuwa maegesho. Wenye mabasi wanaililia ile kona kila mwaka."

Nikampelekea kaka jibu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Mimi hata kuingia nimekatazwa."

Shemeji hakucheka. "Si useme ukweli tu, baba? Mama ahamishwe, mkalale wote mlimani. Kuna ubaya gani?"

"Wewe hukuwepo. Waliwapakia kwenye tela la trekta, wamechanganyika kama kuni. Mpaka leo ukimtafuta mtu wako kule unaambiwa yumo humo humo. Mama hapandi tela."

Nikamwambia naweza kusema mimi, akishafumba macho. Atanifanya nini?

Akanishika mkono. Wake ulikuwa umejaa maji. Vidole vyangu viliacha mashimo. "Wewe umezoea kuhama, mdogo wangu. Yeye hakuwahi kuhama hata nyumba."

Alikufa asubuhi, shemeji akimpepea kwa kipande cha boksi. Mhifadhi alikuja macho mekundu, akanivuta pembeni.

"Mzee wangu, kama ipo sababu yoyote ya kumweka pale, nipe sasa hivi. Nitaipigania."

Sababu nilikuwa nayo, iko kwenye ulimi kabisa. Nikaliona lile tela.

"Hakuna," nikasema.

Tukampandisha mlimani. Udongo wa kule ni mgumu, sururu zinalia. Kulia kwake kuna mtu, kushoto kuna mtu, na hakuna aliyeweza kutuambia ni akina nani.

Kesho yake nikaenda kumpa mama habari. Mkata tiketi hakunijua, nikalipa kama mgeni, nikafuata kundi. Mwongozaji mpya, binti mwenye sauti nzuri, akaeleza kwamba malkia alikufa kijana, bila kuzaa. Hilo kaka hakuwahi kulisema, binti kaliongeza mwenyewe. Wageni wakasikitika. Mmoja alivua kofia.

Nikavuka kamba iliyolizunguka kaburi, nikapiga magoti.

"Mzee, samahani, rudi nyuma," binti akasema. "Hapo haruhusiwi mtu."

Nikainuka, nikapangusa magoti, nikasimama na wenzangu. Habari ya mwanawe sikuwa nimeitoa. Kundi likasogea kwenda kuona kisima, na mimi nikasogea nalo.