Drafti kwa Simu

Masoud na Jaku walicheza drafti pamoja tangu ujanani, mitaa ya Ngamiani, na miaka yote hiyo Masoud alikuwa mtu wa kufungwa. Hakuona haya. Jaku alikuwa fundi redio, mtu anayejua ubovu uko wapi kabla hajashika bisibisi, na pale barazani hakuna aliyeona ajabu kufungwa na kichwa cha namna hiyo.

Masoud alipopata kazi ya stoo kwenye hoteli moja ndogo ya Ushongo, mchezo wakauhamishia kwenye simu. Kila mmoja alikuwa na ubao wake, vyumba vimeandikwa namba. Anayecheza hutuma ujumbe, kumi na moja kwenda kumi na tano, na mwenzake husogeza kizibo kwake, akafikiri, akajibu. Mchezo mmoja uliweza kumaliza siku nzima, huku Masoud akipokea magunia ya mchele na kugawa mashuka. Alifungwa vilevile kama zamani, na Jaku akimtumia sauti ya kicheko.

Leticia wa mapokezi ndiye aliyemwonea huruma.

"Kaka Masoud, unajisumbua bure. Ipo programu ya simu. Unaiandikia alivyocheza mwenzio, yenyewe inakwambia umjibu nini."

Masoud alianza kwa utani, mwanzoni mwa mfungo. Alitaka amfunge Jaku mara moja, kisha amwambie wacheke wote. Jioni ile Jaku akaandika: "Leo umenila vibaya, bwana. Nani kakufundisha?" Masoud akaandika ukweli, akautazama, akaufuta. Kusifiwa kulikuwa kutamu mno. Akajibu kwamba nyota ya jaha imemwangukia, na kesho yake akaifungua tena ile programu.

Idi ikapita. Vicheko vya Jaku vikakoma. Akawa anachelewa kujibu, na mara nyingine anasogeza kizibo kisha anaomba kukirudisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Mwisho akaandika, "Tupumzike kidogo." Masoud alidhani amekasirika, na moyoni alifurahi kidogo.

Kisha Tabia, mke wa Jaku, akapiga simu.

"Shemeji, mwenzio amefunga kibanda."

"Anaumwa?"

"Anasema kichwa kimekwisha. Anasema yameanza kama ya marehemu mama yake. Redio za watu kazirudisha bila kuzigusa, anaogopa kuziharibu."

Masoud alimkumbuka yule mama. Siku zake za mwisho alikuwa akimshika mkono Jaku na kumuuliza njia ya kurudi nyumbani, naye amekaa nyumbani kwake. Masoud akaketi juu ya gunia. Neno lilikuwa mdomoni, na lilikuwa fupi. Alichosema ni, "Nitakuja, shemeji."

Hakwenda upesi. Alijiambia wageni ni wengi, hawezi kupewa ruhusa, lakini ruhusa yenyewe hakuiomba. Alikwenda baada ya Idi kubwa.

Alimkuta Jaku sebuleni, shati limempwaya. Masoud hakuzunguka maneno. Alimweleza yote, tangu Leticia hadi mchezo wa mwisho. Jaku alimsikiliza kwa utulivu, kisha akamwekea mkono gotini.

"Mungu akulipe, Masoud. Umetoka huko Ushongo kuja kunifariji."

"Sikufariji. Tazama, hii hapa."

Jaku aliitazama ile simu kwa adabu. "Simu siku hizi zina kila kitu. Umeiweka lini? Leo njiani?"

"Wallahi, Jaku, mimi ndiye niliyekufanyia."

"Usiape kwa ajili yangu. Wewe nakujua tangu hujaota ndevu. Usingeweza kunifanyia hivyo."

Masoud akauvuta ubao uliokuwa chini ya meza, akavipanga vizibo, akamsihi wacheze mara moja tu. Jaku alicheza polepole, kwa woga. Hata hivyo alimla Masoud karibu vizibo vyote, kama alivyokuwa akimla miaka nenda miaka rudi.

"Umeona?" Masoud alisema. "Umeona sasa?"

Jaku akatabasamu. "Umeniachia," akasema, akaanza kuvikusanya vizibo.

Tabia alimsindikiza hadi nje.

"Uliyoyasema mle ndani ni kweli?"

"Ni kweli, shemeji."

"Na nilipokupigia simu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Tabia hakupandisha sauti. Alitazama chini, akauweka sawa mtandio wake.

"Mimi nimemzungusha hospitali. Usiku nalala nikisikiliza kama atataja jina langu vizuri. Kibanda nimeshampa mtu, anauza vifuniko vya simu. Yeye hatakuamini kamwe, kwa sababu anakupenda. Mimi nimekuamini. Nenda, usije ukakosa gari."

Masoud alitaka kuomba radhi, lakini Tabia alikuwa amekwisha kuingia ndani. Alimsikia akimuuliza mumewe kama anataka chai. Jaku akamjibu kwa sauti ya uchangamfu kwamba anataka, na kwamba Masoud ni ndugu wa kweli, watu wa namna ile hawapatikani tena.