Ruhusa ya Kusema Jambo Moja

Mniache niseme mwenyewe, maana wengine wameshasema vya kutosha, na nusu yake ni chumvi tupu.

Mimi ni Verna Stuckey. Natengeneza nywele za watu katika mji wetu mdogo wa Nebraska, mji wa mahindi na ng'ombe, ambako mtoto akiingia chuo kikuu watu humpigia honi barabarani. Mwanangu Tobin hakuingia tu. Alichukuliwa na Programu ya Wanafunzi Bora, wale wachache wanaowekwa mbali na wenzao tangu siku ya kwanza: wana bweni lao, madarasa yao madogo, wanachagua masomo kabla ya wengine, na kila mmoja ana mshauri wake wa masomo anayemjua kwa jina. Mtoto wangu mimi, ambaye sekondari yenyewe sikuimaliza. Nilivimba kichwa, sikatai. Wewe usingevimba?

Mshauri wake alikuwa Bi Okerlund, mwanamke mrefu, mkimya, bado kijana. Siku ya kupokea wanafunzi wapya alituambia sisi wazazi kwamba kwa sheria ya nchi hii mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, hata kama jana tu ulikuwa unamfulia soksi, na chuo hakiwezi kumwambia mzazi lolote mpaka mtoto mwenyewe aridhie. Nikamgeukia Tobin. Akatia sahihi palepale, akasema kwa sauti kwamba huyu mama usipomtilia sahihi hulali. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Basi nikawa nampigia Bi Okerlund. Si kila siku, msinizulie. Nilipiga wakati wa kuchagua masomo, nilipiga baada ya mitihani, nilipiga nikisikia sauti ya Tobin imepooza. Alikuwa ananiita Mama Tobin, ananijibu kwa upole, na mara nyingi alinishauri nimuulize Tobin mwenyewe. Nimuulize Tobin! Tobin hata akiwaka homa atakwambia yuko sawa. Mimi nilitaka mtu wa kunipa ukweli. Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa anataka kuacha kemia akasome mambo ya udongo na mimea. Bi Okerlund alilitaja jambo hilo akidhani nimeshaambiwa. Siku hiyohiyo niliwasha pikapu nikaenda. Nilimwambia mwanangu palepale bwenini, mbele ya wenzake, kwamba udongo tunao tele nyumbani, hakuna haja ya kuufuata chuoni. Tulikuwa tumepanga udaktari tangu yuko darasa la nne. Akarudi kwenye kemia. Sasa kuna watu wananiambia nilimwaibisha. Mama gani angekaa kitako akitazama mtoto anatupa bahati yake?

Mwaka wa pili, majani yalipoanza kupukutika, Tobin alifuta ile ruhusa. Hakuniambia. Nilipiga simu kama kawaida, na Bi Okerlund, kwa sauti ileile ya upole, akasema hawezi tena kuzungumza nami kuhusu mwanafunzi yeyote. Nikamwambia mimi siulizii mwanafunzi yeyote, namuulizia Tobin. Akasema hawezi hata kusema kama anamjua mtu wa jina hilo. Na akaniita Bi Stuckey. Mwanamke niliyempelekea mtungi wa jamu ya matofaa kwa mikono yangu, leo hamjui mwanangu! Nilikata simu nikalia kwa hasira, huku mteja wangu Lavonne Petska amekaa na dawa kichwani.

Tangu hapo Tobin kwenye simu akawa mtu wa maneno mawili matatu. Mzima. Anasoma. Amechoka. Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo kila mtoto hurudi kwao kula na wazazi, hakuja. Nilioka bata mzinga peke yangu kama mwehu, nikapakua sahani yake, nikaifunika, ikakaa kwenye friji mpaka ikachacha. Baada ya sikukuu simu ikawa haipokelewi kabisa. Halafu binti yake Lavonne, anayesoma hukohuko, akamweleza mamake kwamba katika chumba cha Tobin kwenye bweni la wanafunzi bora sasa analala mtu mwingine, na kwamba alimwona mtu kama yeye akiosha vyombo kwenye bwalo, ila amekonda mno kiasi kwamba hana hakika. Lavonne aliniambia hayo taratibu, akiniangalia kwenye kioo. Mkasi ulinitoka mkononi.

Kesho yake niliendesha gari kwenye theluji. Njiani sikuwaza alama wala udaktari, naapa. Kila mwaka katika vyuo hivi kuna mzazi anayepigiwa simu na polisi aje kutambua mwili. Sote tunalijua hilo, ila hatulisemi, na kila mara ni mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama mwanangu yu hai.

Ilikuwa majira ya kupanga masomo ya muhula ujao, kwa hiyo korido ya ofisi ya programu ilijaa vijana wamekaa sakafuni na kompyuta zao mapajani. Bi Okerlund alikuwa anatoka kwenye kachumba kadogo kando ya ofisi yake, anakokaa na mwanafunzi mmoja mmoja. Aliponiona uso ulimbadilika. Akaufunga ule mlango nyuma yake, akaniingiza ofisini kwake, akanipa kiti.

Nilimwambia yote: chumba, simu, vyombo, kukonda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza wimbo wake wa sheria. Hawezi kumzungumzia mwanafunzi yeyote. Akasogeza mbele yangu boksi la karatasi laini.

"Usinipe cha kufutia machozi," nikamwambia. "Nipe jibu."

"Bi Stuckey, sina ruhusa."

Hapo mori ukanipanda. Nilimwambia hana moyo. Nilimwambia ndiyo maana hana mtoto, na ingawa sikujua kama anaye au hana, nilimwambia. Nilimwambia walinichukulia mtoto mzima, mnene, anayecheka, wakamtia kwenye kundi la watu wanaolia wakipata B badala ya A, na sasa wananidai ruhusa. Hakujitetea hata kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, nikaona hata yeye halali vizuri, na hilo likanitia hofu kuliko ukimya wake. Kama hajafa mtu, mshauri analia nini?

Nilishuka kutoka kwenye kiti nikajikuta nimepiga magoti kwenye zulia lao, mimi ambaye sijawahi kumpigia magoti binadamu.

"Sitaki kujua kingine," nikasema. "Neno moja tu. Yu hai au hayupo. Nikishajua hilo nitarudi nyumbani na sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Akaniinamia.

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mwanangu. Nakuomba."

Akainuka, akafungua mlango wa pembeni unaotoka ofisini kwake kwenda kwenye kile kachumba, akaingia, akaufunga. Nikasikia minong'ono. Nikajua amekwenda kumwuliza mkubwa wake. Nilikaa nimeshika magoti yangu, namwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia.

Aliporudi hakuufunga mlango, aliurudishia tu. Akachuchumaa mbele yangu.

"Nimepata ruhusa ya kukwambia jambo moja," akasema. "Tobin yu hai, Mama Tobin. Ni mzima. Ana pa kulala, na anakula."

Sijui kama mmewahi kulia kwa furaha mbele ya mtu baki. Nililia hivyo. Nilimkumbatia yule mwanamke niliyemtukana, nikamlowesha shati, nikamwomba radhi, naye akanipigapiga mgongoni akisema si kitu. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza siku ile. Mara mbili tatu nilimwona anautupia jicho ule mlango wa pembeni, kama mwenyeji anayengoja mgeni wake abishe hodi. Nililiona hilo kwa macho yangu na halikunigusa akili.

Nikapenga kamasi. Nikajipangusa. Moyo ukatulia, na ulipotulia, mdomo wangu huu ukafunguka wenyewe.

"Na kemia je? Amefaulu?"

Mkono wake ukaacha kunipiga mgongoni. Nikaona tabasamu linamtoka usoni, na nikadhani amekumbuka tena sheria zake.

"Mama Tobin," akasema polepole sana, "pengine kuna jambo unataka kusema. Si kuuliza. Kusema tu. Sema lolote lililo moyoni mwako."

Alikuwa ananisihi. Leo najua alikuwa ananisihi. Wakati ule niliona amenifungulia njia, nami si mtu wa kuachia njia. Nikasema ndiyo, ninalo. Waambieni programu yenu kwamba huyu ni mtoto wa udaktari, alizaliwa nao. Kama ameteleza kidogo, arudie kemia wakati wa kiangazi, nitafanya kazi saluni hata Jumapili nimlipie. Daktari wa zahanati yetu ameshaniahidi kumwandikia barua. Hajachelewa. Kwa akili alizonazo hana sababu ya kuosha vyombo vya watu, mambo hayo ya kuosha vyombo ni aibu na yaishe leo. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilidhani mkubwa wake yumo mle ndani, na nilitaka asikie.

Nikasikia mlango unafungwa. Si ule wa ofisini, ni mwingine, upande wa pili wa kile kachumba. Haukupigwa kwa nguvu. Bi Okerlund akafumba macho.

"Ni nani aliyekuwa mle?" nikauliza.

Akainuka, akanipa mgongo.

"Okerlund. Mle ndani kulikuwa na nani?"

Nadhani alipigana na sheria yake mpaka akaivunja. Alizungumza akiangalia zulia.

"Ruhusa hiyo aliitoa yeye mwenyewe. Alikuwa analia. Alisema nikwambie kwamba ni mzima, halafu nimpe dakika ajikaze, na atatoka aje kukuona." Akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa. "Alishakuwa amesimama, mama. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa."

Niliusukuma mlango. Meza, viti viwili, kimoja kimerudishwa nyuma. Mlango wa pili ulitoka kwenye korido, na korido ilikuwa imejaa vijana. Nilipita katikati yao nikiwaparamia, nikafika kwenye ngazi, nikasikia miguu mingi inashuka, nikashindwa kujua nifuate ipi. Nikarudi mbio kwenye dirisha lililoangalia uwanja, nikalifungua, baridi ikanipiga usoni.

Nilimwita. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa saa ya kubadilishana madarasa na walikuwa wamejaa kwenye theluji kule chini, wote wamefunika vichwa kwa kofia za makoti yao, wote wameinama kwa sababu ya upepo. Hakuna aliyeinua uso. Nikasema basi nitamjua kwa mwendo, mwendo wa mtoto wangu naujua tangu siku aliyosimama dede. Nikamwangalia huyu, nikamwangalia yule, nikamfuata mmoja kwa macho mpaka alipogeuka na kuwa msichana. Wakaendelea kuingia kwenye majengo, wakawa wanapungua, nami nimesimama pale dirishani sijui yupi ni wangu.