Dubu Hasemi

Kila jioni baada ya chakula, Kaylin Ratliff alimpa kaka yake, Travis, mkasi wa plastiki, ule wa watoto wa chekechea, kisha akamsogeza karibu na ukuta wa jikoni. Ukutani palining'inia mnyororo wa karatasi za rangi, pete kwa pete, kutoka juu ya jokofu hadi kwenye fremu ya mlango. Kazi ya Travis ilikuwa kukata pete moja. Ilimchukua muda. Vidole havikushika vizuri, mkasi uliteleza, ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo, na mate yakashuka hadi kwenye kola ya shati alilobadilishwa muda huo huo. Travis alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Zimebaki ngapi?" akauliza, kila neno likija peke yake.

"Chache."

"Utamsalimia Wendell?"

"Nitamsalimia."

Mama yao, Rhonda, alikuwa kwenye sinki, bado amevaa fulana ya duka alikoshinda akipanga makopo. Hakugeuka. "Msalimie kwa kisu," akasema.

Wanafunzi wanaokwenda kufanya kazi kwenye bustani moja kubwa ya burudani kule Florida hutengeneza mnyororo kama huo, pete moja kwa kila siku iliyobaki kabla ya safari. Ndio mtindo wao. Chuo kinakuruhusu uondoke muhula mzima, kampuni inakupa kazi, kitanda cha bwenini na beji ya jina, na wewe unajipiga picha ukikata pete ya mwisho huku unalia kwa furaha. Kaylin naye alijipiga picha, akaitia kwenye kundi la wenzake mtandaoni. Wasichana asiowajua wakamwandikia kwamba hata wao usingizi hawapati. Usingizi kweli alikuwa haupati. Lakini wao walikuwa wakihesabu siku za kwenda kushangilia, na yeye alikuwa akihesabu siku za kumfikia Todd Brunner.

Miaka mitatu nyuma Travis alikuwa mwanafunzi kama hao. Urefu wake uliingia sawasawa kwenye vazi la Dubu Wendell, ambaye wageni hupiga naye picha, basi wakamvalisha. Siku moja ya Julai alikaa ndani ya manyoya yale mpaka joto likampika ubongo. Daktari alisema hivyo hivyo, ila kwa maneno ya adabu. Kampuni ikatuma maua, na baada ya maua ikatuma wakili. Wakili alikuwa mtu mpole, sauti kama ya kasisi. Alikaa kwenye kochi lao akaeleza kwamba mvaaji akizidiwa ana ishara ya kutoa, na kwamba msimamizi wa zamu, Bwana Brunner, ameapa hakuona ishara yoyote. Kwa hiyo kijana alijiponza mwenyewe. Kwa hiyo fidia hakuna. Akamaliza kahawa yao, akamshukuru Rhonda kwa ukarimu, akaenda zake.

Travis aliporudiwa na maneno alisema jambo moja, na hajalibadilisha hadi leo. "Nilisugua tumbo. Mara tatu. Todd akasema dakika tano."

Nani atamsikiliza mtu anayetokwa na mate?

Kaylin alimsikiliza. Alikuwa na miaka kumi na saba, bado anarefuka, na kila alipojipima kwenye fremu ya mlango alifurahi kwa sababu ambayo hakumwambia mtu.

Usiku wa kuamkia safari Rhonda alimkuta anafunga begi. Akaketi kitandani, viatu vya kazi bado mguuni.

"Haya, niambie. Ukimpata utamfanya nini?"

"Nitavaa dubu. Nitasugua tumbo. Atasema dakika tano, na simu itakuwa inarekodi ndani ya kichwa cha dubu. Halafu wakili wao aje tena anywe kahawa."

"Na akikutoa?"

"Hatanitoa, Mama."

"Na ukiiva humo ndani kama mwenzako?" Rhonda aliyasema hayo akiitazama mikono yake. "Nitawalisha wawili kwa kijiko?"

Kaylin akasukumia nguo ya mwisho ndani. Akavuta zipu ya begi.

*

Todd Brunner alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na hilo lilimuudhi Kaylin. Alikuwa amemjengea sura kwa miaka mitatu: mapua, macho ya nyoka, cheko baya. Akakutana na mwanamume mwenye upara unaoanza, shati la mikono mifupi lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na redio ya upepo kiunoni inayokoroma muda wote.

"Sheria ni tatu," aliwaambia wanafunzi wapya siku ya kwanza. "Dubu hasemi. Dubu havui kichwa mbele ya wageni, hata mbingu zianguke. Ukivua, kazi imekwisha, na kitanda cha bwenini kimekwisha siku hiyo hiyo. Na dubu hachoki. Anayechoka ni wewe, na wewe hawajakuja kukuona."

Wenzake wakacheka. Kaylin akanyoosha mkono.

"Na mtu akizidiwa?"

"Anasugua tumbo kwa mikono miwili, hivi. Wageni watadhani dubu ana njaa. Mimi najua maana yake, nakuja kukutoa."

"Kila mara?"

Todd akamtazama. Kisha akaitazama beji. Beji za bustani ile zina jina la kwanza na mji unaotoka, ili wageni wapate la kuzungumza.

"Harker, Ohio," akasoma. "Niliwahi kuwa na kijana wa Harker."

"Alikuwaje?"

"Mzuri. Mrefu kama wewe." Aliyasema kama mtu anayekumbuka gari aliloliuza. "Ndiyo. Kila mara."

Januari kule Florida mtu anavaa sweta asubuhi. Kaylin akajua atalazimika kuhesabu upya, safari hii akilisubiri joto. Alivaa dubu Februari, akavaa Machi, akakumbatia watoto wenye makamasi, akapigwa mateke ya miguuni na vijana wanaotaka kuchekesha marafiki zao. Hakusugua tumbo hata mara moja. Wenzake walisugua, na Todd akawatoa, akawapa maji, akawauliza kama wamekula. Kaylin alimtazama akiwapa maji. Alitaka kujua maji hayo yalikuwa wapi siku ile.

Aprili alisikia kwamba Todd anaishi kwenye chumba cha moteli kando ya barabara kuu, yeye na binti zake wawili, na kwamba mshahara wake haufiki kodi ya nyumba ya kawaida. Aliyemwambia ni Todd mwenyewe, wakila sandwichi nyuma ya ukumbi wa nguo.

"Miaka kumi na moja nimekaa hapa," akasema. "Unajua ofisini wananipima kwa kitu gani? Kwa picha. Picha ngapi zimepigwa na dubu kwa saa. Foleni ikikatika, namba inashuka, naitwa. Nikiitwa tena nitakuwa sina kazi."

"Pole," Kaylin akasema. Neno lilimtoka kwa mazoea, na alijichukia kwa hilo hadi kulala. Akampigia simu kaka yake, akamwambia aseme tena. Travis akasema tena: alisugua, mara tatu, dakika tano. Kaylin akatulia.

*

Julai ilipofika, wanafunzi wengi walikuwa wamesharudi makwao, na kampuni haikuajiri wengine. Waliobaki walivaa zamu mbili mbili. Jumamosi ya kwanza iliyofunga joto sawasawa, hewa imesimama, lami inanata kwenye soli, Kaylin aliitia simu kwenye mfuko mdogo alioushona ndani ya kichwa cha dubu, karibu na sikio. Akaiwasha irekodi. Kisha akatoka kwenda uwanjani, akipunga mikono.

Foleni ilianzia kwenye chemchemi ikazunguka hadi duka la aiskrimu. Todd alitembea pembeni yake, akitabasamu kwa watu, akisema "karibuni, karibuni" na kupanga watoto mbele ya mpiga picha. Kaylin aliuacha wakati wake wa kutoka upite. Alipohisi jasho limejaa kwenye viatu, akasugua tumbo kwa mikono miwili.

Watu wakacheka. "Ana njaa," mtoto mmoja akasema.

Todd akasogea, akainamisha mdomo kwenye wavu wa kinywa cha dubu, ambako mvaaji huchungulia. "Nimekuona. Dakika tano. Wendell wa pili hajafika kazini."

Furaha iliyompata Kaylin haina jina. Ilimpanda kutoka miguuni. Sema tena, akawaza. Sema tena hapo hapo karibu na sikio. Angeweza kutoka wakati huo, kujikokota hadi kwenye lango la mbao wanakotokea wafanyakazi na kuwa na alichokijia. Lakini mara moja ni bahati mbaya, wakili angesema. Moja ni kutokusikilizana. Alitaka tatu, kama za kaka yake.

Akakumbatia mapacha. Akakumbatia bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Akasugua tena.

"Kaylin, naelewa," Todd akasema, meno yote nje kwa ajili ya wageni. "Nimewaita redioni. Wanasema shikilia. Dakika tano tu."

Mbili.

Hapo ndipo aliposikia karibu na sikio mlio mfupi wa kushuka, ule ambao simu hutoa ikizidiwa na joto na kujizima. Alisimama. Mtoto alikuwa amemshika mguu. Akajaribu kufikiri kama simu inahifadhi ilichorekodi ikijizima yenyewe, na wazo likawa refu mno, akalipoteza katikati. Akagundua kwamba hatoki jasho tena. Alikuwa mkavu. Kwanza alidhani amezoea. Kisha akaona chemchemi inasogea kushoto, na foleni nayo inaifuata.

Akasugua tumbo. Safari hii hakuwa akimtega mtu.

Nyuma ya foleni kijana mmoja naye akasugua la kwake, kisha baba yake, kisha watoto wote waliokuwa mbele, wakicheka. Mpiga picha akasema, "Safi, fanya tena hivyo, Wendell."

Todd akaja. Hakutabasamu.

"Najua wewe ni nani," akasema taratibu. "Nimejua tangu Januari. Kama umekuja kunimaliza, nimalize kesho, ofisini, nitakaa nisikie. Leo nakuomba. Foleni ikikatika kwenye zamu yangu wanangu watalala kwenye gari. Dakika tano, nakuomba."

Dubu hasemi. Kaylin akasema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Kaka yangu. Alisugua?"

Todd akamshika kichwa mtoto mmoja, akamgeuza aitazame kamera.

"Alisugua?"

"Mara tatu," Todd akasema. "Waliniambia niseme hakusugua, au niondoke. Nikasema hakusugua."

Basi alikuwa nayo. Miaka mitatu, pete zote zile, na sasa alikuwa nayo, kutoka kwenye kinywa chenyewe, na simu ilikuwa imekufa karibu na sikio lake. Kaylin akacheka ndani ya dubu. Alitaka kumpigia mama yake papo hapo. Akayashika yale maneno mawili kwa nguvu, mara tatu, mara tatu, kwa sababu mengine yalikuwa yakimtoka: jina la mtaa wao, jina la mama, ni mkono upi wa kulia. Akainua mikono akivue kichwa. Mikono ilifika mabegani ikakataa. Kisha uwanja wote ukainama. Akiwa anakwenda chini alitamani iwe ni yeye aliyeamua, iwe amejiangusha makusudi ili amwangushe Todd naye, ila hakuwa na hakika.

Alianguka chali. Kupitia wavu aliona anga tupu, nyeupe, kisha nyuso. Nyuso zilikuwa zinacheka.

"Amelala!" mtoto akasema. "Mama, Wendell amelala."

"Mara tatu," Kaylin akasema. Ulimi ulikuwa mzito, mate yakamshuka shavuni, na lililotoka halikuwa neno.

Aliisikia redio ikikoroma juu yake. Todd alikuwa akisema dubu ameanguka, ameanguka kweli, leteni machela. Redio ikajibu kwamba watu wa kumzingira dubu kwa mapazia wako njiani, kichwa kisivuliwe mpaka mapazia yafike, na je, foleni bado iko? Todd akasema iko. Redio ikasema asiiache itawanyike, wageni wasijue kitu.

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya majani alikwishalala kwenye lami upande wa kushoto wa dubu, mkono chini ya kichwa. Mkewe akalala upande wa kulia, wakamweka mtoto wao katikati, juu ya tumbo la manyoya. Mpiga picha akapanda kwenye ukingo wa chemchemi ili awapate wote. Nyuma yao familia nyingine ikaanza kuvua mikoba, kisha nyingine, wakisukumana kidogo, maana wote walitaka picha hiyo.

Todd alikuwa amepiga magoti, kiganja chake kimekandamizwa kwenye kifua cha dubu, pembeni ya mtoto, akitafuta mapigo ambayo hayasikiki kupitia sponji. Uso wake ulikuwa mweupe kama shati lake. Akainua mkono wa pili kuwazuia watu.

"Mmoja mmoja," akasema. "Mmoja mmoja, tafadhali."